Kupanga Karatasi ya Jaribio kwa Kompyuta

Mwanachuo anayeanza kuandika kwa kompyuta aghalabu huitumia kana kwamba ni mashine ya taipu. Hupiga kitufe kirefu cha nafasi mpaka neno lifike anapopataka, na hupiga Enter mara kumi ili afike ukurasa mpya. Kwenye kioo kazi huonekana nadhifu. Ubaya wake hujitokeza baadaye.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kumtembelea mwanachuo mmoja katika shule iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Alikuwa ametunga jaribio la Sayansi la Darasa la Nne, na sehemu ya kuoanisha aliipanga kwa nafasi tupu: Fungu A kushoto, Fungu B kulia. Karatasi zilichapwa katika duka la steshenari mjini Arusha asubuhi ileile ya jaribio. Zilipofika darasani, Fungu B lilikuwa limesogea, na baadhi ya majibu yameangukia mstari usio wake. Watoto waliojua vema kwamba mizizi hufyonza maji walikosa alama. Mwanachuo aliilaumu mashine ya duka. Sisi hatukukubaliana naye.

Sababu ni hii. Katika mashine nyingi za taipu kila herufi ilichukua upana uleule, hivyo nafasi tano zilikuwa na kipimo kimoja popote. Katika fonti nyingi za kompyuta, herufi i ni nyembamba na m ni pana. Tena, kompyuta ya duka isipokuwa na fonti iliyotumika, huweka nyingine badala yake. Upana wa maneno hubadilika, na kila kilichosukumwa kwa nafasi tupu husogea.

Basi sehemu ya kuoanisha iandikwe ndani ya jedwali. Mistari ya jedwali yaweza kufichwa baadaye. Jina na tarehe vitenganishwe kwa kitufe cha Tab. Kwa ukurasa mpya, shikilia Ctrl na upige Enter mara moja tu. Pambizo hupangwa mara moja kwa waraka mzima. Ukubwa wa herufi 12 watosha kwa andalio la somo, lakini mtoto wa Darasa la Kwanza apewe 18 au zaidi, hata kama karatasi zitaongezeka.

Amri nyingi katika programu hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hilo lisimtishe anayeanza. Atafute kwanza kitufe chenye alama ¶, ambacho hudhihirisha yaliyofichika: kila nukta iliyo katikati ya mstari ni nafasi moja, na kila ¶ ni mwisho wa aya. Huwa tunawataka wanachuo wafungue kazi zao za zamani na kuzihesabu nukta hizo. Kicheko hakikosekani.

Kazi ikikamilika, ihifadhiwe kama PDF kabla ya kupelekwa mjini, maana PDF hulinda mpangilio. Hata hivyo, ichapwe nakala moja kwanza, isomwe yote palepale dukani, ndipo nakala za darasa zima ziagizwe.