Macho ya manjano si malaria tu: Kamera yazibua mrija wa nyongo bila kupasua tumbo

MKAZI wa Ipagala, mjini Dodoma, anayeamka na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai na mwili unaowasha, kwa kawaida hudhani ana malaria au homa ya ini. Huenda ni kweli. Lakini choo kikipauka mfano wa majivu, yafaa kushuku kuwa mrija wa nyongo umeziba.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika kifuko chake, kisha huteremka hadi kwenye utumbo mwembamba kusaidia kumeng'enya mafuta. Njia hiyo huweza kuzibwa na jiwe, uvimbe wa kongosho, kovu, au hata mnyoo uliopanda kutoka utumboni. Wagonjwa wa selimundu hupata mawe wakiwa wangali vijana, kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi.

Zamani tiba ilikuwa kisu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani, akiwamo William McCune, waliripoti kuufikia mrija huo kwa kamera. Mwaka 1974 wenzao wa Ujerumani na Japani, kila upande kivyake, wakaeleza jinsi ya kupanua tundu lake ili mawe yatoke. Utaratibu huo hujulikana kama ERCP.

Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, kisha hupewa dawa ya usingizi. Kamera inayotazama ubavuni hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Daktari huingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, hukata kidogo mlango wa mrija, na kulivuta jiwe kwa kikapu cha waya au puto. Panapokuwa na uvimbe, huacha bomba dogo la kupitishia nyongo.

Hata hivyo, kamera hii si kipimo cha kuanzia. Altrasaundi hutangulia, kwani ERCP yaweza kusababisha uvimbe wa kongosho, kutoka damu au kutoboka utumbo.

Bomba la plastiki nalo hubadilishwa au kuondolewa, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Wengi wakishapona muwasho husahau tarehe. Likiziba, hurudi homa, kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hayo ni maambukizi yanayoweza kuua, na mgonjwa hupaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.