Uchafu Usioondoka kwa Kuchemsha Maji

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni. Kisha walichimba vyoo na kusafisha visima. Babu na bibi zetu walijifunza somo moja ambalo hatujalisahau: chemsha maji ya kunywa. Somo hilo ni la kweli hata leo. Maji yakichemka, vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara hufa.

Lakini leo nataka tuzungumze juu ya uchafu wa namna nyingine. Uchafu huu haufi kwa moto, kwa sababu hauna uhai. Uchafu wenyewe ni petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili chafu.

Siku moja mama mmoja alikuja zahanati akiwa na chupa ya maji. Akaniambia, "Daktari, maji haya ya kisima yananuka mafuta ya taa. Nimeyachemsha mara mbili, na bado mwanangu anayakataa." Nikanusa. Alisema kweli. Nikamjibu, "Mama, mtoto wako ana akili. Usimpe tena maji hayo, na wewe usinywe."

Tulikwenda kukiangalia kisima. Upande wa juu wa mteremko tulikuta mahali ambapo mtu alikuwa akitengeneza pikipiki na magari. Kwa muda mrefu alimwaga chini oili chafu na dizeli ya kuoshea vyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani kitu kikinyweka ardhini kimekwisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

MAFUTA HUFIKAJE KISIMANI?

Udongo una matundu madogo madogo. Mafuta yakimwagika, hushuka taratibu kupitia matundu hayo. Udongo wa kichanga huyapitisha upesi. Udongo wa mfinyanzi huyachelewesha. Yakifika kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, huelea juu yake, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Sehemu ndogo huyeyuka ndani ya maji na kusafiri pamoja nayo hadi kisimani.

Sisi wa Mombo tufikiri sana juu ya jambo hili. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita hapa, na malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Hapa ndipo barabara ya Soni na Lushoto inapoanza kupanda mlima. Mto Soni nao unatelemka kutoka mlimani na kuja kumwagilia mpunga wetu. Baada yetu maji huingia Mto Mkomazi, kisha Mto Pangani. Tukichafua hapa, ndugu zetu wa chini watakunywa.

MADHARA YAKE NI NINI?

Ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzeni. Mtu akinywa au kuvuta benzeni kwa miaka mingi, damu yake huharibika, na anaweza kupata kansa ya damu. Hasikii maumivu siku ya kwanza. Ndiyo maana watu huipuuza.

Kuchemsha maji yenye mafuta si dawa. Mvuke wake hujaa jikoni, na mama na watoto huuvuta. Kama mafuta ni mengi, yanaweza hata kuwaka. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu, haiondoi mafuta. Maji yanayonuka mafuta yasinywewe wala kupikiwa.

WENZETU YAMEWAKUTA

Mwezi wa Mei, mwaka 2015, mafuta yalivuja kutoka katika bomba litokalo Mombasa kwenda Nairobi. Yaliingia Mto Thange, Kibwezi, nchini Kenya, na kuchafua visima. Watu waliotegemea maji hayo walipata taabu kubwa.

Huko Nigeria, katika nchi ya Waogoni, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipima maji na udongo na kutoa taarifa mwaka 2011. Katika sehemu moja iitwayo Ogale, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 ya kiasi kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Wataalamu walisema kuisafisha nchi ile kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Je, ardhi haiwezi kujisafisha yenyewe? Inaweza kidogo, na polepole. Karibu na mji wa Bemidji, nchini Marekani, bomba lilipasuka mwaka 1979 na kumwaga kama lita 1,700,000 za mafuta ghafi. Mengi yalizolewa, lakini kama lita 400,000 zilibaki ardhini. Tangu mwaka 1983 wataalamu wamechimba visima vidogo vya kupimia mahali pale. Waligundua kwamba ndani ya udongo mna bakteria wanaokula mafuta. Lakini miaka mingi baadaye, mafuta bado yalikuwapo.

Funzo letu ni hili: kumwaga ni kazi ya dakika moja, kusafisha ni kazi ya miaka.

UTATAMBUAJE MAFUTA KWENYE MAJI?

Kwanza, nusa. Pili, tazama juu ya maji. Mafuta hufanya utando wenye rangi kama za upinde wa mvua.

Lakini usiogope kila utando. Katika mabonde yenye udongo mwekundu, chuma kilichomo ardhini nacho hufanya utando unaong'aa. Chukua kijiti, uuchokoe. Utando wa chuma huvunjika vipande vipande kama kigae, na vipande hukaa mbalimbali. Utando wa mafuta hutengana, kisha hurudi na kuungana tena. Kama unarudi, acha kutumia maji hayo na utoe habari.

MAFUTA YAKIMWAGIKA TUFANYE NINI?

1. Kama lori la petroli limepinduka, kimbia. Waondoe watoto, zima moto na sigara zote, piga simu ya Zimamoto namba 114. Usiende kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walikwenda kuchota petroli ya lori lililopinduka. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Ndoo moja ya petroli haina thamani ya roho ya mtu.

2. Kama ni dizeli au oili kidogo tu, kwanza zuia isizidi kumwagika. Weka tuta la udongo ili isifike mtoni wala mferejini.

3. Mwagia unga wa mbao, makapi ya mpunga au udongo mkavu ili yanyonye mafuta. Usioshe kwa maji wala sabuni, maana utayasukuma mbele tu.

4. Zoa udongo uliochafuka. Vaa glovu au mifuko ya nailoni mikononi. Upeleke mbali na kisima, mto na shamba la chakula. Utandaze kwa wembamba mahali pasipofikiwa na mafuriko, penye udongo wa mfinyanzi au palipotandikwa nailoni.

5. Changanya na samadi iliyooza. Nyunyizia maji kidogo ili uwe na unyevu, usilowe. Ugeuze kwa jembe kila baada ya wiki mbili. Bakteria wale niliowataja wanahitaji hewa, unyevu na chakula cha samadi ili wafanye kazi. Baada ya miezi kadhaa harufu itapungua.

Lakini kumbuka: oili chafu ina vumbi la vyuma vya injini. Bakteria hawali chuma. Kwa hiyo usipande mboga wala mahindi katika udongo huo.

MAMBO YA KUACHA

Usimwage oili chafu chini, chooni wala mtoni. Iweke katika pipa lenye mfuniko.

Usimwage mafuta kwenye madimbwi ili kuua viluwiluwi vya mbu. Zamani watu wa afya walifundisha hivyo. Siku hizi tunasema: fukia dimbwi, au chimba mfereji maji yatoke.

Usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, umpeleke zahanati mara moja hata kama anaonekana mzima.

Ukiona kisima kimechafuka, mwambie mwenyekiti wa kijiji, bwana afya na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Usinyamaze kwa kuogopa kumwudhi jirani.

Kisima cha yule mama kimefungwa mpaka leo. Fundi sasa anatunza oili yake katika pipa, na ameomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji. Tumemsamehe. Lakini radhi haisafishi maji. Yule mama huamka alfajiri akaenda mbali na ndoo yake, na wenzake wa nyumba zile pia. Ndugu msomaji, kisima chako bado ni kizima. Kilinde leo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kijijini kwenu oili chafu hutupwa wapi?
2. Kati ya mahali hapo na kisima chenu, ni kipi kiko upande wa juu?
3. Nani atatafuta pipa, na lini?

Mganga Msaidizi wa Vijijini, Mombo