Mali ya kampuni isiyo kwenye daftari

KATIKA ofisi nyingi kubwa kila kiti na kabati vina namba ya rangi, na mkaguzi akija huvihesabu kimoja kimoja. Lakini kompyuta zinazokodiwa kwa njia ya intaneti, zile ziitwazo wingu, hazina mahali pa kupaka rangi. Ofisa mwenye kadi ya benki anaweza kuzikodi kwa dakika chache, akapakia majina ya wateja, kisha akahamishwa idara. Kodi huendelea kulipwa na mlango hubaki wazi.

Toyota ya Japani inalijua jambo hilo. Mei 2023 ilitangaza kuwa taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 nchini humo, pamoja na mahali magari yao yalipokuwa, zingeweza kufikiwa na mtu wa nje tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023. Hakuna aliyevunja kufuli. Wingu lilikuwa limepangwa vibaya. Karibu miaka kumi! Kampuni ilisema haikuona dalili za taarifa hizo kutumiwa vibaya. Ilipopekua zaidi, mwisho wa mwezi huohuo ikatangaza nyingine zilizokuwa wazi, zikiwemo za wateja wa nchi kadhaa za Asia na Oceania.

Msako mzuri huanzia kwa mhasibu, si kwa fundi. Ankara za Amazon, Microsoft na Google, hata zile ndogo ambazo wafanyakazi hudai kurejeshewa, hutaja akaunti ambazo makao makuu hayazijui. Kisha hufuata majina ya intaneti yaliyosajiliwa kwa kampuni. Jina lililoachwa likielekea kwenye mashine isiyokodiwa tena ni hatari: mwingine aweza kuikamata nafasi hiyo na kusema na wateja kwa jina lenu.

Kilichopatikana kisizimwe papo hapo, kwani huenda ndicho kinachoandaa mishahara. Kwanza kifungiwe watu wa nje, kisha atafutwe mwenyewe. Asipojitokeza, nakala ihifadhiwe ndipo kodi ikatwe. Kupiga marufuku kadi hakusaidii sana, watu watajificha tu.

Hata wingu linalofahamika lina gharama yake. Agosti 2020 wasimamizi wa mabenki wa Marekani waliitoza Capital One faini ya dola milioni 80, baada ya wizi wa taarifa wa 2019, kwa kutopima hatari ipasavyo kabla ya kuhamia huko.