Lushoto: Tuijue Wilaya ya Milimani



Hivi karibuni, hapa Berea, tulimwuliza kijana mmoja aliyezaliwa Johannesburg, kwao ni wapi. Akajibu: "Tanga." Tulipomwuliza Tanga ipi, akanyamaza. Hatukumlaumu, lawama ni yetu sisi wazee tusiomfundisha. Basi na tuanze na Lushoto, walikotoka baadhi ya jamaa zetu.

Lushoto imo katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Msafiri huiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye tambarare yenye joto, akapanda kilomita zipatazo 33 za kona na magenge. Hupita Soni penye maporomoko ya maji, hata akafika mji wa Lushoto, ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaufanya makao ya utawala wao. Kabla yao, wafalme wa Kilindi waliwatawala Washambaa kutoka Vugha.

Leo ngazi za utawala ni hizi: kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais; diwani huchaguliwa na watu wa kata, na mwenyekiti wa kijiji na wanakijiji wenyewe. Tena, wilaya hii moja ina halmashauri mbili. Katika miaka ya 2010 ilizaliwa Halmashauri ya Bumbuli, ikachukua kata kama Soni, Mponde na Vugha. Mlalo na Mtae zikabaki katika Halmashauri ya Lushoto. Aliyehama kabla ya hapo huenda bado anapeleka barua zake katika ofisi isiyomhusu.

Haya si mambo ya darasani tu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya nzima, na mashamba mengi ni vipande vidogo vya mitelemkoni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila. Mzazi akifariki ugenini, warithi wasiojua jina la kijiji wala mipaka ya shamba watamwendea nani? Mafungu ya mirathi Mwenyezi Mungu amekwisha kutubainishia. Lakini nani atagawa mali asiyojua iliko?

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, mwezi huu, waandike katika karatasi moja: kitongoji, kijiji, kata, halmashauri, na majina ya majirani wa shamba pande zote nne. Walio wa wilaya nyingine wafanye vivyo hivyo. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na pasi za kusafiria, na watoto wasomewe mpaka waihifadhi.

Wabillahi tawfiq.