Mbio za farasi za kutwa: Mfuko ndio hutokwa jasho

Kama umewahi kuketi katika kamati ya harusi, wakijua kisa hiki. Hema limelipiwa, sufuria zimekodiwa, jenereta inanguruma, kisha nusu ya wageni wanakosa kufika. Mwenye hema hakurudishii hata ndururu.

Sasa, msomaji, badala ya wageni weka farasi, na badala ya ukumbi weka kilomita 160 za milima na misitu. Hizo ndizo mbio za masafa marefu. Si zile za uwanja wa Ngong ambazo humalizika kabla hujamenya njugu zako!

Zinazosifika sana ni za Tevis Cup huko California, Marekani, zilizoanzishwa mwaka 1955 na mfanyabiashara wa mbao, Wendell Robie. Wapanda farasi huondoka alfajiri karibu na mji wa Truckee, wakavuka milima ya Sierra Nevada hadi Auburn. Wana saa 24. Mshindi hapewi pesa taslimu. Kila amalizaye kwa wakati, farasi wake akiwa angali mzima, hupewa bizimu ya fedha ya kufungia mshipi. Karibu nusu ya wanaoanza huikosa.

Pesa basi huenda wapi? Kwanza kwa daktari wa mifugo. Njiani kuna vituo ambako farasi husimamishwa, akapimwa mapigo ya moyo, akatazamwa ufizi kama amepungukiwa maji, kisha akakimbizwa kidogo ionekane kama anachechemea. Moyo usiposhuka hadi kiwango kilichowekwa, mara nyingi mapigo 64 kwa dakika, safari yake imekwisha. Daktari mmoja hawezi kuwa vituo viwili kwa wakati mmoja, kwa hivyo huhitajika kadhaa, pamoja na dawa na gari la kubeba farasi aliyeshindwa.

Halafu maji. Farasi aliyetoka jasho juani aweza kunywa zaidi ya lita 40 kwa siku. Farasi 50 ni lita 2,000, kabla hujahesabu ya kuwamwagia mwilini wapoe. Maji hayo hupandishwa mlimani kwa lori. Ongeza bima, vibali vya kupita msituni, vyoo vya kukodi na chakula cha wanaojitolea. Hawa wa mwisho, wakiwemo wenye redio za upepo wanaofuatilia nani yuko wapi gizani, hawalipwi. Wangalidai mshahara, mbio nyingi zingalikufa.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme gharama zisizobadilika ni dola 6,000, kila farasi anaongeza dola 20, na ada ya kushiriki ni dola 150. Kila farasi anakuachia dola 130. Wakija 47, umerudisha pesa zako na kubaki na za soda. Wakija 30, una deni la dola 2,100, na madaktari wamekwisha kufika.

Hapo ndipo kishawishi huingia. Utapunguza nini? Vikombe na fulana ni sawa, hakuna atakayeumia. Lakini ukipunguza daktari mmoja, foleni kituoni hurefuka na mchechemeo mdogo hupita bila kuonekana. Kwa maoni yangu, mwandalizi asiyeweza kulipa madaktari afute mbio mapema.

Usidhani pesa nyingi huponya tatizo hilo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, matajiri hufadhili mbio hizi na zawadi huwa ni pamoja na magari. Hata hivyo, Machi 2015, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisimamisha chama cha nchi hiyo kwa miezi kadhaa kutokana na jinsi farasi walivyotendewa. Zawadi inapokuwa gari, mpanda farasi hutamani kutoona mguu unaochechemea.

Hata michezo ya dunia haijanusurika. Bromont, Kanada, ilikuwa iandae ya mwaka 2018, lakini ikajitoa mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Kazi ikapewa Tryon, Marekani, ambayo ilibaki na muda usiofika miaka miwili. Siku ya mbio ndefu, Septemba 12, 2018, baadhi ya wapanda farasi walielekezwa njia isiyo yao. Mbio zikasimamishwa, zikaanzwa upya kwa kilomita 120, kisha zikafutwa kabisa kwa sababu ya joto na unyevu. Farasi walikuwa wamesafirishwa kwa ndege kutoka pembe zote za dunia. Hakuna aliyepata medali, na mbio hazikurudiwa.