Saratani ya Tezi za Adrenali na Tibakemia Yake (Sehemu ya Pili)

Saratani inayoanzia katika gamba la tezi ya adrenali, iliyo juu ya kila figo na inayotengeneza homoni ya kotisoli, huwapata watu 1 hadi 2 hivi kati ya kila milioni moja kwa mwaka. Pale ambapo upasuaji, ulioelezwa katika sehemu ya kwanza, hauwezi kuuondoa uvimbe wote, dawa ya msingi ni mitotani, ambayo ni ndugu wa karibu wa DDT, kemikali ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa Basel mwaka 1939. Mwaka 1949 ilibainika kwamba mbwa waliolishwa kemikali ya jamii hiyo waliharibika gamba la tezi za adrenali, na sumu hiyo ikageuzwa kuwa tiba.

Saratani ikisambaa, mitotani huunganishwa na doksorubisini, etoposidi na sisplatini, zinazotiwa mshipani kwa siku nne na kurudiwa kila baada ya siku 28. Utafiti wa wagonjwa 304, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba uvimbe ulisinyaa kwa wagonjwa 23 hivi katika kila 100 waliopewa mchanganyiko huo, dhidi ya 9 waliopewa mitotani na streptozosini. Mafanikio hayo ni madogo, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla ya kuanza.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako malaria ni ya kawaida, ni homa. Dawa za mshipani hupunguza chembe nyeupe za damu, nayo mitotani huua hata gamba zima la tezi, hivyo mgonjwa huishi kwa vidonge vya haidrokotisoni, vya kufidia kotisoli, ambavyo kipimo chake hupaswa kuongezwa anapougua, na akitapika huhitaji dawa hiyo kwa sindano bila kuchelewa. Kwa hiyo homa yake haifai kuchukuliwa kuwa malaria tu na kutibiwa nyumbani; apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata malaria ikithibitishwa, mitotani huchochea vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovunjavunja dawa, na dawa mseto ya malaria huvunjwa na vimeng'enya hivyohivyo, kiasi kwamba inaweza kupungua nguvu mwilini kabla vimelea havijaisha, na kwa sababu hiyo daktari wa malaria lazima aambiwe kwamba mgonjwa anatumia mitotani.