Picha za eksirei: Je, mwili wako umepata miale kiasi gani?

Tuseme umekohoa kwa wiki tatu. Unapanda matatu kutoka Molo hadi Nakuru, na daktari anakuandikia upigwe picha ya kifua. Katika chumba cha eksirei unamwona mhudumu amevaa kidude kidogo kifuani. Wewe hukupewa. Je, yeye amekingwa nawe umeachwa?

La, hasha. Kidude hicho si ngao. Huitwa dosimita, na kazi yake ni kupima tu. Aina moja ina fuwele zinazonasa nguvu za miale. Zikipashwa moto katika maabara hutoa mwanga, na kadiri mwanga unavyozidi ndivyo miale ilivyokuwa mingi. Mhudumu hufanya kazi hiyo kila siku, na kanuni za kimataifa hazitaki apate zaidi ya wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

Kwako wewe mgonjwa, wataalamu hukadiria kipimo kutokana na nguvu ya mashine, muda na sehemu ya mwili iliyopigwa. Picha moja ya kifua haizidi milisiveti 0.1 hivi. Ardhi, anga na chakula humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka. Kwa hivyo usiikimbie picha hiyo. Kifua kikuu kisipogunduliwa huua, na huwaambukiza walio nyumbani.

Lakini skani ya CT ya tumbo yaweza kufikia milisiveti 8 au 10, karibu sawa na picha mia moja za kifua. Mtu akipigwa Naivasha, akaiacha picha nyumbani na kupigwa tena Nakuru, ameongeza miale bure na kulipa mara mbili. Mwili hauihisi, na daktari mpya hatajua usipomwambia.

Basi fanya hivi:

• Weka picha zako zote pamoja na ripoti, uandike tarehe na mahali. Zibebe kila uendapo hospitalini.

• Muulize daktari kama kipimo kisichotumia miale hiyo, mfano ultrasaundi, chaweza kutosha.

• Mama, ukiwa mjamzito au ukishuku hivyo, sema kabla hujapigwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.